Kusoma Muziki Mlimani: Mwongozo kwa Mwanakwaya, Mpiga Ala wa Mtaani na Asiyeona Nota

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, napata mgeni wa aina ileile. Anangoja mazoezi ya kwaya yaishe, wenzake waondoke, anajifanya anakunja waya wa kinanda, halafu: "Shikamoo mwalimu. Hivi muziki unasomewa chuo kikuu?"

Marahaba. Unasomewa. Kwa aliyeko Dar es Salaam wala hahitaji kwenda mbali: apande gari la Mwenge au Ubungo, ashuke Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sanaa Bunifu, na humo muziki unakaa nyumba moja na sanaa za maonyesho na sanaa za ufundi. Shahada ni miaka mitatu. Shahada ya muziki iko pia Makumira, kule Usa River mkoani Arusha, na Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kwa astashahada na stashahada. Nazungumzia Mlimani kwa sababu ndiko ninakopeleka vijana wengi, na kwa sababu jiji lenyewe ni nusu ya darasa: kwaya, bendi za ukumbini, studio za Sinza na Kinondoni, vikundi vya taarabu. Ukitoka kipindini saa nane, saa kumi na mbili jioni unaweza kuwa jukwaani.

Nimeandika kwa watu watatu. Mwanakwaya anayesoma solfa peke yake (nota za do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi), mpiga ala aliyejifunzia mtaani, na mwanafunzi mwenye ulemavu, hasa asiyeona. Siku hizi kila hotuba ina neno "jumuishi". Kwa mwanafunzi wa muziki neno hilo lina maana moja, finyu na ngumu: nota zimfikie kwa namna anayoweza kuzisoma, kabla wenzake hawajamaliza kuzipiga. Mengine yote yanatoka hapo.

Mlango una njia zaidi ya moja

Wengi wanakata tamaa mapema kwa kudhani lazima wawe wamesoma somo la Muziki sekondari. Shule zinazolifundisha ni chache mno. Chuo kingeling'ang'ania, darasa lingekuwa tupu. Kinachotazamwa kwanza ni ufaulu wa jumla. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, kiwango cha chini cha kuingia shahada nyingi ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, na masomo yanayokubalika kwa kila kozi yanaorodheshwa kwenye kitabu cha mwongozo kinachotolewa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kila mwaka. Soma cha mwaka unaoomba. Cha kaka yako wa mwaka juzi kimekwisha kazi.

Mwenye stashahada ana kitabu chake tofauti, na anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0. Hii ndiyo njia ninayowapendekezea wapiga ala wa mtaani: nenda kwanza ukasome stashahada ya sanaa, jifunze kuandika na kusoma nota bila presha ya shahada, ndipo uje. Mwenye kazi na uzoefu wa miaka lakini vyeti haba aulizie mtihani wa RPL (utambuzi wa maarifa ya awali) unaosimamiwa na TCU, ambao hupima maarifa uliyoyapata nje ya darasa. Na aliyekosa pointi kidogo anaweza kupitia kozi ya maandalizi, foundation, ya Chuo Kikuu Huria.

Maombi yanakwenda moja kwa moja chuoni kwa mtandao tangu 2017. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha, na usipothibitisha ndani ya muda nafasi inapotea. Nimeona kijana akipoteza nafasi kwa sababu laini aliyojazia kwenye fomu ilikuwa ya mjomba, na mjomba alikuwa shambani Kilombero.

Fedha, kwa kifupi

Bodi ya Mikopo haibagui kozi ya muziki, ila kozi za sanaa kwa kawaida hazikai juu kwenye vipaumbele, kwa hiyo usiweke mayai yote kapu la Bodi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, aambatishe fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa; bila muhuri ule, ulemavu wako kwenye mfumo haupo, hata kama umeingia ofisini kwa fimbo nyeupe. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya Bodi, likitoka, tenga fungu la nyuzi, betri na fotokopi za nota kabla ya viatu.

Miezi mitatu ya kuhama kutoka solfa

Hapa ndipo penye kazi. Mwanakwaya wa Kitanzania, Mkatoliki au Mlutheri, Msabato au Mmoraviani, amekulia kwenye solfa: d r m f s l t, nukta pacha kati ya mapigo, mstari wima mbele ya pigo zito, kistari cha kuendeleza sauti. Solfa ilikuja na wamisionari na ikatushika, kwa sababu inachapika kwa taipureta na haihitaji ala. Ukifika Mlimani utakutana na stafu, ile mistari mitano. Usiingie kwa aibu. Mtu wa solfa anasikia umbali kati ya sauti na sauti kuliko wengi waliojifunzia piano, kwa kuwa do yake inahama na wimbo. Unachokosa ni ramani tu.

Anza hivi, nusu saa kila siku, miezi mitatu kabla ya kufungua chuo.

Chukua wimbo mmoja mnaouimba kila wiki, sauti ya kwanza peke yake, uandike kwenye stafu katika C, yaani do ikiwa C. Siku inayofuata wimbo uleule katika F, halafu G. Usibadilishe wimbo. Kusudi ni macho yaone kitu kilekile kikihama, kama sikio linavyokijua.

Kisha shika kanuni ambazo sijawahi kuziona zimeandikwa kwa ajili ya mtu wa solfa, nami nikazipata kwa kuhangaika. Do ikikaa kwenye mstari, mi na so zinazoifuata juu zitakaa kwenye mistari. Do ikikaa kwenye nafasi, zote tatu zitakaa kwenye nafasi. Kwa hiyo ukiijua do umeshaipata koda ya kwanza (do, mi na so zikilia pamoja) bila kuhesabu. Pili, ukikuta shapu (alama za kupandisha nusu hatua) mwanzoni mwa stafu, shapu ya mwisho kulia ndiyo ti. Panda nusu hatua, hapo ni do. Ukikuta fleti (alama za kushusha nusu hatua), fleti ya mwisho ndiyo fa. Shuka mi, re, do. Watu wanakariri jedwali zima la funguo kumi na tano na bado wanasahau. Wewe unahitaji maneno mawili, ti na fa.

Mtego upo kwenye fe. Umezoea kwamba fe ni fa iliyopandishwa, basi mkono utakimbilia kuandika shapu. Katika G ni sawa. Katika F, fa ni B yenye fleti, kwa hiyo fe yake inaandikwa kwa alama ya kufuta fleti. Shapu hapo ni kosa, na wasahihishaji hawalisamehi.

Mwezi wa pili ingia ufunguo wa besi, kisha andika sauti zote nne. Mwezi wa tatu geuza kazi: chukua karatasi ya stafu usiyoijua, iandike kwa solfa, iimbe, ndipo usikilize rekodi. Ukifanya hivyo kwa uaminifu, mihadhara ya mwanzo ya nadharia itakupita kama marudio.

Kitufe kinachodanganya

Wapiga kinanda wa kanisani, hii ni yenu. Vinanda vyetu vina kitufe cha transpozi. Mwimbishaji anaanza wimbo popote koo lake lilipoamkia, mpigaji anabonyeza mara mbili tatu, vidole vinabaki C. Nimepiga ibada miaka tisa bila kugusa E fleti hata mara moja. Mbele ya piano isiyo na umeme nilijiona kama dereva aliyezoea gari la otomatiki, kapewa fuso la mkaa kwenye mlima wa Kitonga.

Ziba kitufe hicho kwa plasta leo. Jumapili ya kwanza utaharibu, waumini watageuka kukutazama. Ongeza ufunguo mmoja kila wiki mbili: C, G, F, D, B fleti, na kuendelea. Kabla ya kuja chuoni andaa vipande viwili unavyovipiga bila kusita, kimoja cha kusoma na kimoja cha kichwani, visizidi dakika tatu kila kimoja. Popote utakapoombwa upige, kipande kifupi kilichokomaa kitakubeba kuliko kirefu chenye viraka.

Mwenye zeze, marimba au ngoma asiende kununua gitaa Kariakoo ili "afanane na wasomi". Njoo na ala yako, na usiitengeneze upya ilingane na piano. Mizani ya Wagogo, kwa mfano, inafuata sauti zinazozaliwa zenyewe kwenye uzi, na baadhi yake hazimo kati ya vitufe vya kinanda. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, aliizungusha ilimba (marimba ya vidole) na zeze dunia nzima kwa mizani hiyohiyo. Unachotakiwa kujifunza ni kueleza kwa maneno na kwa maandishi kile ambacho mikono yako inakijua. Hiyo ndiyo ethnomyuzikolojia, na hapo wewe ndiye unaanza mbele.

Asiyeona: nota kwa vidole, kwa sikio na kwa kompyuta

Watu wanaposikia mwanafunzi asiyeona anasoma muziki husema "ah, wana masikio hao", na wanaishia hapo. Masikio hayamwezeshi mtu kufanya mtihani wa kupanga sauti nne.

Louis Braille alikuwa mpiga ogani kanisani Paris, na mfumo aliouchapisha mwaka 1829 ulikuwa na muziki ndani yake. Ukijua breli ya kawaida, herufi d e f g h i j ndizo C D E F G A B, zikiwa kweva (nusu pigo). Ongeza nukta ya 6, inakuwa krocheti (pigo moja). Ongeza nukta ya 3 badala yake, ni minimu (mapigo mawili). Zote mbili, semibrevu (mapigo manne). Kwa hiyo nukta nne za juu zinakwambia sauti ipi na mbili za chini zinakwambia urefu. Oktava inatajwa kwa alama inayotangulia nota. Hakuna mistari, kila kitu kinakwenda mbele kama sentensi.

Ugumu wake ni mikono. Unasoma kwa mkono mmoja huku unapiga kwa mwingine, unabadilishana, kisha unaunganisha kutoka kichwani. Mwenzako anayeona anaweza kupiga akisoma. Wewe lazima ukariri kipimo baada ya kipimo. Kipande anachokimaliza kwa wiki moja kinaweza kukuchukua tatu. Kinachotakiwa kwa mwalimu ni kukupa orodha ya vipande vya muhula wakati wa likizo. Urahisi wa kipande hauombwi.

Upande wa kompyuta, vitu viwili ni vya bure: NVDA, kisomaskrini, na MuseScore, programu ya kuandika nota inayoelewana nacho na yenye uwezo wa kutoa breli. Tatizo linaanzia kwa wanaokupa nota. Picha ya WhatsApp ya karatasi, kwa NVDA, ni ukimya. PDF iliyoskaniwa, vilevile. Omba faili la MusicXML, ambalo programu za nota hulisoma, au la MuseScore lenyewe. Kama lipo karatasi tu, lipa au bembeleza mwanafunzi mwenzako aingize nota kwenye MuseScore. Ukurasa mmoja wa sauti nne ni kazi ya kama saa moja kwa aliyezoea, na yeye mwenyewe atakuwa amejifunza kupanga sauti kuliko darasani.

Na solfa, ambayo mwenye macho anaambiwa aisogeze pembeni, kwako ni hazina. Ni maandishi matupu. "d : r | m : –" inaandikwa kwenye faili lolote, inasomwa na NVDA, inatumwa kwa meseji, inachapwa kwa breli bila mtaalamu. Bonyeza NVDA na P kuongeza kiwango cha kusoma alama, la sivyo itakurukia nukta pacha zote na wimbo utabaki bila mapigo. Kwenye zoezi la imla, ambapo mwalimu anapiga na wanafunzi wanaandika, omba ruhusa ya kujibu kwa solfa ya kuchapa au kwa kuimba majibu mbele yake. Ni ombi linaloeleweka: mtihani unapima kama umesikia, haupimi kama unajua kuchora duara jeusi.

Mwenye ualbino au uoni hafifu asiridhike na "nimekukuzia kidogo". Fotokopi A4 kwenda A3 inakuza karibu mara moja na nusu; jaribu nyumbani ujue unahitaji kiasi gani, kisha taja namba. Karatasi ya rangi ya maziwa humpunguzia mwako yule ambaye nyeupe inamuumiza. Na taa za jukwaani: fanya jaribio mapema zikiwa zimewashwa, kwani wengi hugundua siku ya onyesho kwamba hawamwoni kondakta.

Mwenye usikivu hafifu ajue kwamba shimesikio nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maneno, hivyo huukaba muziki; fundi wake anaweza kumwekea mpangilio wa muziki kama kifaa kinaruhusu. Evelyn Glennie wa Scotland alipoteza sehemu kubwa ya usikivu akiwa mtoto, akasomea midundo Royal Academy of Music, London, na hupiga pekupeku ili mtetemo umfikie miguuni. Ngoma zetu, kwa aliyewahi kukaa karibu na msondo, hazihitaji maelezo.

Mwenye kitimwendo azingatie jina la mahali: Mlimani ni mlimani kweli. Kabla ya wiki ya kwanza, zungukia njia zako zote, toka bwenini hadi vipindini hadi maktaba, ukiwa na rafiki na saa. Uliza piano na chumba cha mazoezi viko ghorofa ya ngapi. Kama mkono mmoja haufanyi kazi, usikubali kuhamishiwa "nadharia tu" kabla ya mazungumzo. Paul Wittgenstein wa Vienna alipoteza mkono wa kulia Vita vya Kwanza vya Dunia na akaendelea na kazi ya piano kwa wa kushoto.

Muhula wa kwanza unavyoliwa

Kozi weki inabeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na muziki una tabia moja mbaya: haukubali desa. Insha ya historia unaweza kukesha nayo kwenye vimbweta usiku wa kuamkia mtihani. Skeli ya A fleti haikeshwi. Vyumba vya mazoezi jioni hugombewa. Mimi nawaambia vijana waende saa kumi na mbili asubuhi, dakika arobaini, kila siku ya kipindi. Anayebebana bwenini, yaani anayegawana kitanda, na asiyeona amweleze mwenzake kwamba kinanda cha kichwani, bila sauti, vidole mezani, nacho ni mazoezi.

Kazi za nje zitakuja: harusi, kwaya, kurekodi. Chukua, maana bumu halifiki mwisho wa mwezi, lakini zisizidi siku mbili kwa wiki mwaka wa kwanza. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama unapanda jukwaani kwa malipo, na ukianza kutunga, sajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na usiiache kwaya yako. Huko ndiko utakakopata waimbaji wa kujaribia mpangilio wako wa sauti nne bila kulipa, na watakwambia ukweli palepale, kwa kushindwa kuimba.

Barua inayofanya kazi

Kuna taasisi moja nilimsindikiza binti asiyeona. Tulipokelewa vizuri mno. "Karibuni, tutamsaidia kwa kila kitu." Wiki ya sita alikuwa bado hajapata nota hata moja. Hapakuwa na mtu mbaya. "Kila kitu" haina mtu wa kukitekeleza. Toka siku hiyo siendi tena kuomba kwa mdomo.

Chuo kina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ipo nyuma yako, ingawa ukianza barua kwa kutaja sheria umeanza kwa ngumi. Andika mara tu upatapo nafasi, kabla hujahamia, kwa mkuu wa idara, nakala kwa kitengo. Ukurasa mmoja:

"Mimi ni mwanafunzi mpya wa shahada ya muziki na sioni kabisa. Nasoma breli na natumia kompyuta yenye NVDA. Naomba: (1) orodha ya vipande vya ala vya muhula wa kwanza wiki nne kabla ya kufungua, (2) nota za darasani kwa faili la MusicXML, siku tatu kabla ya kipindi, (3) kujibu mazoezi ya imla kwa solfa iliyochapwa, (4) muda wa ziada kwenye mitihani ya maandishi kwa utaratibu wa chuo, (5) jina la mhadhiri mmoja nitakayewasiliana naye nota zikichelewa. Niko tayari kuja kueleza siku yoyote mtakayonipangia."

Ombi la tano ndilo linalobeba mengine yote. Peleka barua kwa mkono ofisini, uwe na nakala ya pili, na usiondoke dirishani mpaka nakala hiyo imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ipige picha, itume kwa mama yako.